Fundi wa Kozi Sita

Akiingia nyumba ya mtu, alisalimu ukuta kwanza. Hakuusalimu kwa maneno. Alikunja kidole cha kati cha mkono wa kulia, akagonga mara mbili, akasogeza sikio, akangoja, na hapo tu ndipo alipogeuka kuitafuta mikono ya watu. Mama yangu, ambaye hakupenda kuwa wa pili ndani ya nyumba yake mwenyewe, alimwambia siku moja, "Fundi, humu kuna wenye nyumba."

"Nawaona, Mama Aika," alijibu kwa upole. "Lakini ninyi mkiumwa mtasema."

Tulimwita Fundi tu. Mafundi walikuwa wengi Arusha katika miaka ile ya ruksa, wa magari, wa redio, wa viatu, wa kila kitu kilichoingia na kuharibika. Nyumbani kwetu Njiro neno hilo lilikuwa na mwenyewe mmoja. Alikuwa Mmeru wa huko juu ya Makumira, mrefu, mkavu, na kofia ya sufu ambayo hakuivua ila kanisani na mbele ya zege jipya. Saruji ilikuwa imemla vidole mpaka vikawa laini kama kokoto za mtoni. Aliwahi kwenda ofisi fulani mjini kuweka dole gumba kwenye fomu, wino ukaacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Karani akamwambia, "Mzee, wewe huna alama."

"Ninazo," Fundi akasema. "Ziko Sakina, ziko Kijenge, ziko Njiro. Chukua kalamu ukazisome."

Alipenda kutusimulia hadithi hiyo na kila alipoisimulia tulicheka. Yeye hakucheka. Alimaliza, akainua kikombe cha chai, akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

*

Nianze na mchanga, kwa sababu yeye mwenyewe alianza huko daima. Mito inayoteremka kutoka Meru huleta mchanga mweusi uliochanganyika na vijiwe vyepesi vyenye matundu, majivu ya mlima uliowahi kuwaka. Watu huuona wote ni mmoja. Fundi alikuwa na chupa tupu za soda ambazo alizibeba kwenye mfuko wake wa zana pamoja na mwiko, timazi na kamba. Alijaza mchanga nusu, akaongeza maji, akaziba kwa kiganja, akatikisa kwa nguvu, kisha akaiweka chupa mahali ambapo haitasukumwa. Baada ya muda mchanga ulitulia chini na tope likatulia juu yake, tabaka laini kama malai ya maziwa. Tope likizidi unene wa kidole chake kidogo, lori lote liligeuzwa lirudi lilikotoka, dereva atukane asitukane.

"Tope ni rafiki mnafiki," alisema. "Linashika leo. Kesho linaachia."

Chupa tatu za namna hiyo zilibaki kwenye dirisha la jiko letu miaka mingi baada ya nyumba kuisha. Hakuna aliyezitupa. Maji yalipungua, mchanga ukabaki na mistari yake. Nilikuwa naosha vyombo huku nikizitazama, nikapata hisia kwamba kuna kitu ndani ya nyumba yetu ambacho bado kinatulia, ambacho hakijafika chini.

Na matofali nayo. Hakukubali mtu aseme tofali la saruji limekauka. "Nguo ndiyo hukauka. Tofali linakomaa." Alilifyatua asubuhi, akalifunika majani ya migomba, na kuanzia kesho yake akalimwagilia maji siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, kama miche ya kahawa. Kisha akaliacha wiki tatu nyingine kivulini kabla ya kuliweka ukutani. Mwezi mzima kwa kitu ambacho wenzake walikiuza siku ya tatu. Alipokosa la kufanya, alitembea kati ya safu za matofali yake akiyagonga moja moja kwa ncha ya mwiko. Lililokomaa lilitoa sauti kama ya chungu kizima. Alisema linaitika. Bichi au lenye saruji haba lilitoa sauti fupi, kama mtu anayepigwa mgongoni akiwa amevaa koti. Hilo alisema limenyamaza, akaliweka kando.

Siku moja, baada ya nyumba yetu kwisha, Mama alinituma niende na Fundi barabara ya Moshi, upande wa Kikatiti, akachague matofali ya uzio. Yeye hakuwa na muda wa kufyatua tena na sisi hatukuwa na subira. Kando ya barabara matofali yalipangwa kama mji mdogo wa kijivu. Vijana walikuwa wamezinduka. Saruji ambayo zamani ilihitaji kibali na mihuri mitatu sasa ilikuwa inauzwa duka lolote, na kila mwenye koleo na kibao cha kufyatulia alikuwa tajiri mtarajiwa. Walipomwona walipiga mayowe.

"Daktari huyo! Toeni wagonjwa foleni!"

"Mzee, haya hayana kifua kikuu, tumeshayapima!"

Fundi akainama, akagonga. "Huyu analia. Huyu analia. Huyu amenyamaza. Huyu naye." Akasimama. "Mfuko mmoja wa saruji unakupa matofali mangapi, kijana?"

"Siri ya kambi hiyo, babu."

"Mama yako anaishi nyumba ya nini?"

"Ya matofali, tena nimemjengea mimi."

"Haya haya?"

Kijana akajifuta mikono kwenye suruali. Wenzake wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepoa. Mmoja akaja kumwokoa. "Babu, siku hizi soko huria. Kila mtu na tofali lake."

"Soko liwe huria," Fundi akasema. "Ukuta usiwe huria."

Tulirudi na lori tupu. Mama alinigombeza mimi, maana yeye hakugombezeka. Uzio wetu ukawa wa michongoma.

*

Jina la kejeli walilompa mjini lilikuwa Kozi Sita. Kozi ni mstari mmoja wa matofali kuzunguka nyumba, na Fundi hakujenga zaidi ya sita kwa siku moja, awe na matofali, awe na watu, jua liwe bado juu ya kichwa. Kozi ya sita ikikamilika aliosha mwiko, akaukausha kwa pindo la shati, akaketi. Mota ya chini, ile saruji inayounganisha matofali, bado ni mbichi, alisema. Ukiipandishia mzigo kabla haijashika, inakubali kwa adabu, lakini ndani imekwisha kusogea. "Ukuta hauna haya kama mtu. Haukwambii umechoka."

Kwa sababu hiyo alipoteza kazi nyingi. Watu wa miaka ile walikuwa wakijenga kama wanaokimbizwa. Viwanja vya Njiro vilijaa kuta za kijivu zilizopanda kati ya Jumatatu na Jumamosi, na wenye nyumba walisimama barabarani wakipima kwa macho nani amefika usawa wa madirisha. Kwa Fundi walikuja wale tu ambao hawakuwa na haraka, na wale waliokuwa na hofu. Mama yangu alikuwa na vyote viwili, hofu na haraka, na sikulijua hilo kwa muda mrefu.

Fundi alikuwa na desturi nyingine ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Siku ya kwanza ya msingi, alipovuta kamba ya kunyooshea kozi, hakumpa kibarua ashike ncha ya pili. Alimpa mwenye nyumba. Awe mwalimu, awe bwana wa ofisi aliyevaa suti, alimwita ashuke mtaroni. Mama alishuka na viatu vyake vya sokoni, akiwa na gauni jeusi la ujane. Nilikuwa nimesimama juu ya rundo la udongo. Nilisikia akiuliza kwa nini yeye, wakati vibarua wapo.

"Nyumba ikipinda," Fundi akamjibu, "tuwe wawili."

*

Mtu huyo aliyejenga nusu ya mtaa wetu alikuwa akilala kwenye nyumba ya mabanzi. Nilifika kwake mara moja, nikipeleka salamu za Mama alipofiwa na mkewe. Migomba, mibuni mizee, ng'ombe mmoja zizini, na katikati ya yote hayo nyumba ya mbao zilizochongwa vibaya, upepo unaingia upande huu na kutokea upande ule. Nyuma yake kulikuwa na matofali mia kadhaa, yamepangwa vizuri, yameota kuvu la kijani. Yalikuwa yamekomaa kiasi kwamba nilipoyagonga, kwa utundu tu, yalilia kama kengele ya shule.

"Fundi, mbona hujengi?"

"Mbao zikitaka kuanguka zinakwambia. Zinalalamika wiki nzima. Unapata muda wa kuwatoa watoto."

"Na tofali?"

"Tofali linakaa kimya hadi siku yenyewe."

Alisema hivyo akiwa ameketi kwenye kigoda, mikono imening'inia kati ya magoti. Mvua ya rasharasha ilikuwa inapiga bati. Niliona kwamba hakuwa anazungumzia nyumba yake.

Kwa maana sisi sote tulijua ni ukuta gani uliomsumbua. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, ule unaoelekea mlimani, alikuwa ameuacha wazi mpaka mwisho ili mchanga na mawe yapitie hapo. Mwezi Desemba aliufunga. Mimi na mdogo wangu hatukuuona ukipanda, kwa sababu Mama alitupeleka Kikatiti kwa shangazi siku hizo. Tuliporudi ulikuwa umesimama, umepigwa lipu ya saruji, na lipu bado inanuka ubichi. Krismasi ile baba zetu wakubwa walikuja kutoka Kilimanjaro, wakazunguka nyumba wakiwa na mikono nyuma, wakaondoka bila neno.

Masika ya kwanza, Fundi alikuja bila kuitwa. Aligonga sebule, akagonga korido, akazunguka nje mpaka kwenye ukuta ule, akagonga, na hakugonga tena. Akarudi akasimama mbele yetu sote, mwiko mkononi.

"Mama Aika, ukuta wa nyuma niliujenga kwa haraka zangu. Matofali mabichi ya barabarani, kozi kumi na moja kwa siku moja. Niruhusu niubomoe niujenge upya. Jasho ni langu, matofali yangu yapo nyumbani yamekomaa."

"Ukuta umesimama, Fundi."

"Umesimama."

"Ukuta uliosimama haubomolewi. Kaa unywe chai."

Akakaa. Akanywa chai. Na mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipogonga bati, alirudi na maneno yaleyale, na Mama akampa majibu yaleyale na chai ileile ya tangawizi. Iligeuka kuwa kama ibada. Mdogo wangu aliweza kuigiza sehemu zote mbili, akibadilisha sauti, tukaanguka kwa kicheko jikoni. Lakini usiku nilipozima taa nilikuwa namwona mzee yule amesimama na kofia yake, nami sikucheka.

Ulipotokea ufa, mwembamba kama uzi, kutoka kona ya dirisha la nyuma kwenda juu, Fundi alileta kipande cha kioo. Alikiweka juu ya ufa kwa nje, akakifunga ncha mbili kwa saruji kidogo. Alinieleza kwamba ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kitavunjika. Kila masika alikipanguza vumbi kwa kidole gumba. Kila masika kilikuwa kizima.

"Si unaona?" Mama alimwambia. "Hata kioo chako kinakushangaa."

"Kioo kinaangalia ufa, Mama Aika. Hakijui kilichomo ndani ya tofali."

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Nilikuwa msichana wa shule, nilipenda ushahidi. Na bado nilijikuta, nikipita nyuma ya nyumba, nakitazama kile kioo kabla sijatazama kitu kingine, kama mtu anayemtazama mgonjwa kifuani kuona kama bado anapumua. Kilikuwa kinaakisi mlima. Asubuhi isiyo na mawingu Meru nzima ilienea ndani ya kioo kisichozidi kiganja, na ufa ukapita katikati yake.

*

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali kwa vibarua, aliweza kumaliza mwezi mzima bila kuongea na mtu aliyekanyaga kamba yake. Alikuwa msharika wa Kilutheri aliyeketi kiti cha mbele na ambaye pombe ya ndizi ya Jumamosi ilimchelewesha ibada ya Jumapili. Alidharau mafundi wote wa mji kwa jumla na kila mmoja wao kwa jina. Na kwa mtu aliyesema kweli mpaka ikawa uadui, nilikuja kugundua kwamba kulikuwa na uwongo mmoja alioutunza kwa uangalifu wote, akaumwagilia maji, akauacha ukomae.

Kabla ya kufika hapo niseme juu ya tetemeko.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tumetoka kanisani, wali uko jikoni, vikombe vikaanza kugongana kabatini. Ardhi ilitikisika kama mtu anayejigeuza kitandani, ikatulia. Katika nchi yetu ya milima iliyowahi kuwaka mambo hayo hutokea, watu hutoka nje, hucheka, hurudi kula. Mimi na mdogo wangu tulitoka uani. Haukupita muda mrefu lori la mchanga likasimama getini, Fundi akaruka kutoka juu ya mchanga, suti ya kanisani imejaa vumbi jeusi, kiatu kimoja hakipo. Alikuwa ametoka katikati ya mahubiri ya ibada ya pili huko kwao na kusimamisha gari la kwanza.

"Mko wangapi?" aliuliza kabla hatujamwamkia.

"Shikamoo, Fundi. Tuko watatu."

"Naona wawili!"

"Mama yuko chumbani kwake."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondokewa na damu namna ile. Alizunguka nyumba mbio, anachechemea, akaingia kwenye mawaridi yenye miiba ambayo Mama alikuwa ameyapanda nyuma, mengi kiasi kwamba hatukuweza kuchezea upande ule. Akasimama hapo amechanika suruali. Dirisha la chumba cha nyuma likafunguliwa, Mama akatoa kichwa, amejifunga kanga, uso wa mtu aliyekuwa amelala.

Walitazamana muda mrefu.

"Umesimama, Fundi," Mama akasema.

Wakati ule nilidhani anamkejeli.

*

Mara ya mwisho alikuja mvua zikiwa zimekwisha, si zikianza. Hilo peke yake lilitosha kutushtua. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Baba yetu mkubwa, yule wa kwanza, alikuwa amezikwa Kilimanjaro Januari ile, na Mama alikuwa amerudi kutoka msibani mnyamavu, akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevuliwa mzigo na ambaye bado mabega hayaamini.

Fundi aliingia, akakunja kidole, akagonga ukuta wa sebule. Akasogeza sikio. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akaushusha mkono, akatutazama kwa aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Sisikii," alisema kwa sauti kubwa mno. "Tangu Kwaresima. Yote yamenyamaza."

Nilimwamkia, hakuitikia. Nikamshika mkono, nikamketisha. Alikataa chai. Alisema amekuja kuomba kitu kimoja, siyo ruhusa ya kubomoa, hiyo ameomba ya kutosha. Anataka mtu amgongee ukuta ule na kumwambia kweli. Asije akaondoka duniani bila kujua kama ulikomaa au la. "Aika ana masikio. Amekua nami."

Nilimtazama Mama. Nilitegemea jibu la kila mwaka. Mama alisimama, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akasogea pembeni.

Chumba kile kilikuwa kidogo kuliko vyote. Tulipohamia, Mama alikuwa ametupa sisi kile kikubwa cha mbele, chenye dirisha pana, kilichochorwa kwenye ramani kuwa cha mwenye nyumba. Yeye akachukua hiki. Alisema anapenda upepo wa mlimani. Kitanda chake kiliegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, mto ukigusa lipu, na lipu hapo ilikuwa imeng'aa kwa mafuta ya nywele ya miaka yote ile.

Fundi alipiga magoti juu ya zulia. Alitoa tindo na nyundo, akabandua lipu kipande cha ukubwa wa sinia juu ya mto. Vumbi lilianguka kwenye shuka. Matofali yakaonekana, kijivu hafifu, kingo zake zimelika. Akachukua msumari, akaupitisha kwenye la katikati. Uliingia kama kwenye mkate wa jana. Lakini hakuyaamini tena macho wala vidole vyake. Akanipa mwiko, akageuza mpini kwangu.

Nikagonga la kwanza. Lilitoa sauti, hafifu, ila sauti. La pili vilevile. La tatu, lile la msumari, lilinyamaza. Nikaligonga tena. La chini yake lilinyamaza. Lililo pembeni lilinyamaza. Nyuma yangu Fundi alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesomewa barua.

Ningeweza kusema uwongo. Alikuwa mzee, alikuwa kiziwi, kioo kilikuwa bado kizima kule nje. Neno moja jema lingemrudisha Makumira akalale. Nikageuka kwa Mama nikitafuta ruhusa ya kusema uwongo huo, na yeye, ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akasema, "Mwambie ilivyo."

Nilimgusa bega Fundi. Akafumbua macho. Nikatikisa kichwa.

Hakulia, hakusema "si niliwaambia." Alishusha pumzi, ndefu, kama ilikuwa ndani yake tangu Desemba ile. "Haraka zangu," akasema. "Haraka zangu zile."

"Acha, Fundi," Mama akasema. "Acha sasa."

Hakumsikia. Mama akanigeukia mimi. Aliongea polepole, macho ukutani. "Hakuwa na haraka yoyote yule. Baba zenu wakubwa walisema Krismasi wakikuta hakuna paa, kiwanja kinarudi kwenye ukoo. Matofali yake yalikuwa yameisha. Nikaleta lori la barabarani. Akayagonga, akakataa, akaweka mwiko chini. Nilimpigia magoti pale kwenye mchanga, Aika. Mimi, na gauni langu jeusi. Nikamwambia kama hujengi, wanangu wanalala wapi? Akajenga. Kutwa nzima, hakunywa hata maji. Alipomaliza akaniambia, Mama Aika, watoto wasilale upande huu."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilikuwa naona mawaridi, miiba yake. Niliona dirisha likifunguka siku ya tetemeko, na uso wake.

"Kwa hiyo ulijua."

"Kwani wewe ulidhani nimelala hapa miaka yote hii kwa ajili ya upepo?"

Fundi alikuwa akitutazama midomo, mmoja kisha mwingine, bila kuelewa. Niliinama, nikaweka mdomo kwenye sikio lake, chini ya kofia ya sufu, na nikayapiga kelele maneno ya mama yangu moja baada ya jingine, kwamba amesema, kwamba nimejua, kwamba haikuwa haraka yake. Nilipofika kwenye neno la upepo alimgeukia Mama ghafla, akatazama kitanda, akatazama mto na lile doa la mafuta juu yake. Nadhani chumba alikijua, ila hilo la mto hakuwa amelijua. Miaka yote aliomba kuingia na akaishia kwenye chai. Nafikiri alidhani kitanda kimewekwa mbali na ukuta ule.

Alivua kofia. Sikuwahi kuona akiivua ndani ya nyumba ya mtu. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe.

Kisha akawa fundi tena. Aliinuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akaanza kusema kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi. Kitanda kitoke leo. Kesho iletwe miti ya mikaratusi, isimamishwe ndani na nje ibebe mkanda wa zege na paa. Vijana wake wawili watashusha ukuta kuanzia juu, kwa mkono, bila nyundo kubwa. Kozi sita. Zilizobaki siku ya pili. Ukuta hushushwa kama ulivyopaswa kupandishwa. Matofali yapo kwake, yamengoja vya kutosha.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa zana, akatoa kamba. Ilikuwa nyeusi kwa umri, imejaa mafundo. Ncha moja aliifunga kwenye msumari aliouchomeka kona ya kushoto, bila shida, kwa kidole gumba tu. Akaifungua kamba taratibu kuufuata ukuta, akipita juu ya mto, juu ya matofali yaliyokuwa wazi. Nilinyoosha mkono kuipokea ncha ya pili.

Mama akaniondoa njiani kwa kiwiko. Alivua viatu, akapanda juu ya kitanda chake, akaishika kamba, akaivuta mpaka ikanyooka.